Sadaka, Kafara au Deni?

Katika kutafsiri makala kuhusu Wainuiti na Waazteki, nilikwama kwenye neno moja. Mwindaji wa Kiinuiti alipomuua sili alimtilia kinywani maji yasiyo na chumvi; mnyama wa baharini ana kiu, na aliyekirimiwa hurudi. Hiyo niliiita takrima, pasi na shaka.

Waazteki nao walisema nextlahualli, yaani malipo ya deni: miungu ilijitoa mhanga kule Teotihuacan ili jua liende. Niliandika “kafara”, nikafuta. Kafara huondoa balaa. Hili ni deni. Kuhani aliyejitoboa kwa mwiba wa mmea wa jamii ya mkonge alilipa lake. Je, mateka aliyepandishwa hekaluni Tenochtitlan alilipa la nani? Nafasi ya neno hilo ingali tupu katika tafsiri yangu.