Nyumba Moja, Bahasha Mbili

Ifikapo tarehe 17 Machi kila mwaka, mji wa Boston nchini Marekani huvaa kijani. Watu hujivika kofia za kijani, na maduka huuza kila kitu kilichochorwa jani la klova. Ni sikukuu ya Mtakatifu Patriki, msimamizi wa Ayalandi, ambayo Waayalandi wa mji huu walianza kuiadhimisha mwaka 1737. Kesho yake mapambo hutupwa, na katika nyumba nyingi mambo ya wazee huishia hapo mpaka mwaka mwingine.

Sisi tumejaribu njia nyingine, nasi twapenda kuwashirikisha akina mama wenzetu, maana jambo hili si la Waayalandi peke yao. Kila familia inayoishi mbali na kwao huulizwa maswali hayo hayo mawili: Watoto watajuaje walikotoka? Na gharama yake itatoka wapi?

Nyumbani kwetu, mtaa wa Dorchester, tuko sita: wazazi wawili, watoto watatu na bibi. Mmoja wetu alizaliwa Moshi, Tanzania. Mwingine ni mtoto wa huyo bibi, ambaye aliondoka kaunti ya Mayo, magharibi ya Ayalandi, mwaka 1961 akiwa msichana wa miaka 19. Hivyo watoto wetu wana wazee Kilimanjaro na wana wazee Mayo, lakini mishahara ya kuwaunganisha na pande zote mbili ni ile ile miwili.

Mahesabu ya Jumapili

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya chakula cha mchana, tunakaa mezani na bahasha zetu. Kuna ya chakula, ya mafuta ya kupashia nyumba joto, ya shule, ya sadaka na ya dharura. Wenzetu hutucheka kwa kutumia bahasha siku hizi, lakini tumeona kwamba fedha unayoishika mkononi huitumia kwa adabu. Mwishoni huja bahasha mbili za nyumbani. Ya Moshi ni ada ya watoto wa ndugu na dawa za mama. Ya Mayo ni akiba ya nauli, ili siku moja sote sita twende na bibi akatuonyeshe kwao.

Kuna majira ya baridi ambayo mafuta yalipanda sana, ikabidi bahasha mojawapo isimame. Tulilijadili neno hilo Jumapili tatu. Ada haingoji, na dawa haingoji. Safari ya Mayo yaweza kuonekana kama anasa. Lakini bibi amevuka miaka 80, na miaka yake nayo haingoji. Kila mmoja wetu alikuwa akitetea upande wa mwenzake kwa mdomo, huku moyoni akiulilia upande wake.

Bibi alikuwa jikoni akisikia yote. Hakusema neno. Alikwenda chumbani kwake, akarudi na mkebe wa zamani wa biskuti, akauweka katikati ya bahasha zetu.

Barua ya Marekani

Ndani ya mkebe mlikuwa na barua za shangazi yake bibi, aliyekuja Boston miaka ya 1920 akafanya kazi ya utumishi wa ndani katika nyumba za matajiri. Kila Krismasi barua yake ilifika Mayo na dola ndani yake. Kwa dola hizo watoto walinunuliwa viatu, na deni la dukani likalipwa. Na ni shangazi huyo huyo, akiwa sasa mzee, aliyetuma nauli ya bibi mwaka 1961.

Historia yathibitisha kwamba hakuwa peke yake. Katika Njaa Kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, viazi vilipoharibiwa na ugonjwa, watu wapatao milioni moja walikufa Ayalandi na wengine zaidi ya milioni wakahama. Uhamaji haukukoma njaa ilipokwisha. Kwa miaka mingi baadaye karibu nusu ya waliohama walikuwa wanawake, wengi wao wasichana ambao hawajaolewa. Waliosha sakafu za watu na kulea watoto wa watu, wakatuma fedha kwao, kisha wakatuma nauli ya mdogo wao, naye akija akatuma ya anayemfuata. Waliobaki nyumbani waliita fedha hiyo “barua ya Marekani”.

“Hiyo bahasha ya Moshi,” bibi akatuambia, “ndiyo Uayalandi wenyewe. Msiifunge.”

Basi hatukuifunga, na ya Mayo hatukuifunga pia. Tuliipunguza ya Mayo kwa nusu, tukaacha kula hotelini, tukaacha na kununua takataka za kijani za mwezi Machi. Tangu hapo mmoja wa watoto hufuatana nasi kila tunapokwenda kutuma fedha Moshi, nasi humkumbusha habari za shangazi na barua zake. Hivyo kitendo kimoja chamfundisha asili zake mbili.

Yasiyohitaji fedha

Tumegundua kwamba mengi yaliyo bora katika urithi wa Ayalandi hayana bei.

La kwanza ni majina ya wazee. Fomu za sensa ya Ayalandi za mwaka 1901 na 1911 zinasomwa bure kwa intaneti. Sensa nyingi za kabla ya hapo hazipo. Sehemu kubwa ya zile za 1821 hadi 1851 iliteketea kwa moto jijini Dublin mwaka 1922. Anayetaka kurudi nyuma zaidi hutafuta katika vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za Kikatoliki, ambavyo Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliviweka wazi bila malipo mwaka 2015.

Jioni moja tulimpata bibi yake bibi katika fomu ya 1911. Fomu hiyo iliwauliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi walio hai, na wangapi bado wanaishi. Kwake iliandikwa kumi, na pembeni yake saba. Mtoto wetu wa kati aliuliza wale watatu walipatwa na nini. Fomu haisemi. Usiku huo katika sala ya familia aliwaombea, akiwaita tu “wale watatu wa Mayo”.

La pili ni salamu. Asubuhi tunasalimiana na bibi kwa Kiayalandi: “Dia dhuit”, yaani Mungu awe nawe. Hujibiwa “Dia is Muire dhuit”, Mungu na Maria wawe nawe. Watoto wetu wanaojua Kiswahili wamelishika somo hili upesi. Mwayalandi hana neno la “kumiliki” kitabu; husema kitabu kipo kwake, nasi twasema “nina kitabu”, yaani niko na kitabu. Binti yetu alifurahi sana kuona kwamba lugha zake mbili za ubibi zafanana kuliko zote mbili zinavyofanana na Kiingereza.

La tatu ni mkate wa bibi, usiohitaji hamira wala kungoja uumuke. Changanya vikombe vinne vya unga wa ngano, kijiko kidogo kimoja cha bekingi soda na kimoja cha chumvi. Mimina mtindi kikombe kimoja na robo tatu hivi, changanya upesi bila kukanda sana, ufanye duara, kisha ukate alama ya msalaba juu yake. Oka katika joto la nyuzi 220 kwa dakika 35 hadi 40. Ukigonga chini yake ukasikia mlio wa kitu kitupu, umeiva.

Krismasi ya akina mama

Sikukuu tunayoipenda kuliko zote haina maandamano. Ni tarehe 6 Januari, Nollaig na mBan, Krismasi ya Wanawake. Imeshika zaidi kusini magharibi ya Ayalandi, Cork na Kerry, lakini sisi tumeikaribisha kwetu. Siku hiyo wanaume hupika, huosha vyombo na kuangalia watoto, na wanawake waliohangaika tangu Krismasi huketi na kutembeleana.

Kwetu baba na watoto hushika jiko tangu asubuhi. Akina mama hunywa chai na mkate wa bibi, kisha tunapiga simu Moshi, ambako ni jioni. Mama wa Moshi aliposikia habari ya siku hiyo mara ya kwanza alicheka, akauliza zile siku nyingine 364 nani anapika. Swali hilo limeleta mabadiliko fulani katika ratiba ya jikoni yetu!

Nani ana haki ya urithi?

Mwaka mmoja mtoto wetu wa kwanza alirudi kutoka shuleni akiwa mnyonge. Mwenzake alikuwa amemwambia kwamba hawezi kuwa Mwayalandi kwa sababu ya rangi yake. Bibi alimketisha karibu naye, akamweleza kwamba Patriki mwenyewe hakuzaliwa Ayalandi. Alikuwa kijana wa Uingereza wa karne ya tano, akatekwa akiwa na miaka kama 16, akafanywa mtumwa wa kuchunga mifugo Ayalandi. Alitoroka akafika kwao salama. Miaka ikapita, kisha akarudi kwa hiari yake kuwahubiria watu wale wale. “Mgeni huyo ndiye tunayemvalia kijani,” bibi alisema. Mtoto alikula chakula chake cha jioni chote.

Akina mama, kama mna mzee nyumbani, msingoje sikukuu. Wekeni jina lake katika mahesabu ya mwezi, hata kwa kiasi kidogo. Mwulizeni leo alilelewaje, nani alimtumia nauli, mkate wao ulipikwaje, na mwandike anayoyasema.

Bahasha ya Mayo sasa ina nauli za watu wanne. Zimebaki mbili. Bibi angependa tuwe kule Jumapili ya mwisho ya Julai, siku ambayo mahujaji hupanda mlima Croagh Patrick wenye urefu wa mita 764. Anajua miguu yake haitamfikisha kileleni. Asema ataketi chini kwenye kiti, awahesabu wajukuu wake wakipanda, mpaka asiweze kuwaona tena.