Logi Ilisema "studio", Sisi Tukasema Dogo

Wasee, leo naomba msamaha hadharani, halafu nieleze kitu ambacho kila mtu anayeshea kompyuta anafaa kujua.

Tuko watano, tunaedit video kwa chumba kimoja hapa Matulo. Kompyuta ya nguvu ni moja tu, inatumia Ubuntu, ambayo ni Linux, na Linux ni ya ukoo wa Unix. Wote tulikuwa tunaingia na akaunti moja, "studio", na paswedi iliyoandikwa ukutani. Jumatatu moja tukafika tukapata video ya harusi ya Kitale haipo. Kazi ya siku tatu, na mama ya bibi harusi alikuwa ameshalipa nusu.

Macho yote yakaenda kwa dogo. Ndiye mgeni kati yetu, na ndiye alifunga mlango Jumapili. Akasema, "Bro, mimi sijagusa kitu." Hakuna aliyemjibu. Akachukua begi yake akaenda kwao, na simu hakushika siku nne.

Mimi nikaanza kutafuta ushahidi. Unix ilianza 1969 Bell Labs, Marekani, na tangu siku zake za kwanza ilitumiwa na watu wengi kwa mashine moja. Kwa hivyo ina mazoea ya kuandika nani ameingia na saa ngapi. Maandishi hayo ndiyo logi. Fikiria daftari la wakala wa M-Pesa la miaka iliyopita: tarehe, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi.

Nikaandika amri ya last, ile ya kuonyesha walioingia. Jibu: studio, studio, studio. Nikajaribu history, inayoonyesha amri zilizochapwa. Amri ziko, saa hakuna, kwa sababu usipoipanga iweke saa, haiweki. Yaani daftari letu lilikuwa na sahihi moja ya watu watano. Logi haioni mkono, inaona akaunti.

Mwenzangu mmoja akasema tuweke programu ya siri inayorekodi kila kitu mtu anachapa, ndio tumshike mwizi. Nilikuwa karibu kukubali. Lakini kwanza nikafungua faili ya /var/log/syslog, ambapo mfumo huandika kazi zake wenyewe. Jumapili usiku, 02:00, kuna mstari wa cron. Cron ndiyo hufanya kazi uliyoipangia saa, hata kama hakuna mtu kwa kiti. Akaunti: studio. Amri: futa vyote vilivyo kwenye folda ya "muda". Na video ya harusi ilikuwa humo.

Aliyepanga hiyo amri ni mimi. Mwezi wa kwanza diski ilijaa, nikaiandika, nikasahau, na sikumwambia mtu yeyote.

Nilipanda boda mpaka kwao. Nikamkuta anapukuchua mahindi na mamake, nikamwomba msamaha hapo hapo. Mamake akaniambia tu, "Kijana wangu, ungeuliza kwanza." Nilikosa la kusema. Video tuliedit upya kutoka kwa memori kadi. Dogo alirudi, lakini ilichukua muda kabla acheke na sisi tena.

Sasa maoni yangu. Kuna watu wanasema logi ni udaku. Mimi naona bila hiyo logi, dogo angebaki mwizi mpaka leo. Lakini logi ya akaunti moja ya wote ni shahidi ambaye hajawahi kuona sura ya mtu. Siku hizi kila mmoja wetu ana akaunti yake, folda ya kazi tunashea, na ukiondoka unatoka kwa akaunti yako. History sasa inaweka saa.

Ile programu ya siri tulikataa. Ingebeba paswedi za barua pepe na meseji za mtu na mpenzi wake, vitu ambavyo havihusiani na harusi ya Kitale. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuambiwa data yake itatumiwa vipi, na haki ya kuiona. Kwa daftari lile la wakala wa M-Pesa ulikuwa unaweka sahihi ukijua unaandikwa. Kwa kompyuta pia iwe hivyo.

Pale ukutani palipokuwa na paswedi, tumebandika karatasi: nini kinaandikwa, nani anaweza kusoma, na cron gani inafuta nini na saa ngapi. Mstari wa mwisho niliuandika mimi, na jina langu liko hapo.