Unapita Wapi?

Hadithi za soja wetu zilikuwa na sheria moja: ukikosea, umeliwa.

Nilikulia Noonkopir, kwenye ploti ya mabati yenye nyumba nane, choo kimoja na soja mmoja. Stima ikipotea, na ilikuwa inapotea sana, sisi watoto tulijua pa kwenda. Getini. Hapo soja alikuwa anawasha moto wa vipande vya mbao tulivyomwokotea kwenye mjengo wa jirani. Tulimwita Babu, ingawa hakuwa babu ya mtu yeyote pale. Alikuwa Mmaasai wa upande wa Isinya, shuka begani, rungu magotini, na mbuzi wake nyumbani alikokwenda kila mwisho wa mwezi.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo!"

Hapo ndipo ilikuwa tofauti na hadithi za shule. Babu hakukusimulia, alikuweka ndani. "Ni 1898, Tsavo. Wewe unajenga reli. Usiku mko wengi kwa hema moja. Nje kuna simba wawili, madume wasio na manyoya shingoni. Unalala wapi? Mlangoni ama katikati?"

Tunang'ang'ania kujibu. Mlangoni, ndio nitoroke haraka! Umeliwa. Katikati! Simba amewaruka wenzako, amekuja kwako, umeliwa. Nitazungusha ua wa miiba!

"Walizungusha," anasema polepole, "na bado akaingia."

Ukiliwa unanyamaza mpaka mwisho. Mtoto wa mwisho kubaki hai alienda kulala kama ameongoza darasa.

Kulikuwa na ya fisi pia. "Umetumwa nyama. Unarudi, giza limeingia, unasikia mtu anacheka nyuma yako. Unageuka ama hugeuki?" Mpaka leo nikishuka steji usiku, mtu akicheka nyuma yangu, hilo swali ndilo huja kwanza.

Kilichofanya tuogope vizuri ni kwamba simba hawakuwa mbali. Mbuga ya Nairobi iko hapo tu, tangu 1946. Ina fensi upande wa jiji, lakini kusini iliachwa wazi, ndio wanyama wavuke mto waje malishoni huku kwetu Kitengela na kurudi. Babu alisema akiwa kijana alichunga mbuzi katikati ya nyumbu. Sisi tulichezea mpira katikati ya mawe ya ujenzi.

Halafu ikafika Juni 2012. Simba 6 walitoka mbugani, wakavamia boma la mbuzi usiku, na kulipokucha wenyeji wakawaua kwa mikuki. Hapa hapa Kitengela. Wawili kati yao walikuwa watoto.

Nitasema ukweli: tulifurahi. Mwishowe tulikuwa na hadithi yetu. Jioni hiyo stima ilikuwepo, lakini tulikimbia getini tukamzingira Babu. Hadithi, hadithi! Hata tulimwitia wenyewe.

Alikaa kimya sana. Kwanza alituambia tusimcheke mwenye mbuzi, kwa sababu mbuzi ni karo ya mtoto, na mtu aliyelala njaa haelewi habari ya mbuga. Kisha akasema, "Leo wewe ni simba."

Hajawahi kutuweka upande huo.

"Una watoto wawili. Nyuma yako ni mbuga, na huko kuna dume geni litakalowaua. Mbele ni ploti, na ploti, na ploti. Kulia ni barabara ya Namanga. Kunakaribia kucha. Unapita wapi?"

Barabarani! Lori la simiti, umeuawa. Siku hiyo hakusema umeliwa. Katikati ya nyumba, polepole! Mbwa wamebweka, watu wametoka, umeuawa. Nitarudi mbugani! Watoto wameuawa. Nitajificha bomani mpaka usiku! Babu alinyanyua rungu lake kidogo, akaliteremsha.

Mmoja mmoja tukanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza hakubaki mtu.

"Babu, sasa jibu ni gani?"

"Ndio nawauliza nyinyi," akasema. "Njia yake ilikuwa inapita hapa mlipokaa."

Mwaka uliofuata tulisikia habari za Richard Turere, kijana Mmaasai anayekaa kando ya mbuga hiyo hiyo. Alikuwa amegundua kwamba simba haogopi taa iliyosimama, anaogopa inayotembea. Akafunga taa za kuwaka na kuzima kuzunguka boma la babake, ng'ombe wakapona, na simba pia. Babu alicheka mpaka akakohoa. "Huyo hajaliwa!" Lakini mimi nilijua Richard alikuwa amejibu swali la kwanza, la mwenye boma. Swali la simba bado lilikuwa linangoja.

Ile ploti ilibomolewa, ikajengwa ghorofa, na Babu akarudi Isinya. Baba naye alinunua kipande chetu upande wa mbuga. Siku fundi alipopima, mimi ndiye nilishika ncha ya kamba. Ukuta ulituchukua miaka sita, tofali kwa tofali, na nyumba ilikuja baadaye.

Desemba iliyopita wapwa zangu waliwasha moto uani wakataka hadithi ya kuogofya. Nikawaambia, "Leo wewe ni simba." Nikaweka mbuga nyuma, ploti mbele, barabara kulia. Waliuawa mmoja mmoja, wakipiga kelele. Akabaki mdogo wa mwisho, miaka mitano, akifikiria.

"Anti, si nipite hapa kwetu? Mnifungulie geti."

Nilifungua mdomo nimwambie ameuawa. Sheria ni sheria. Lakini Baba alikuwa ameketi nasi, uso umegeukia ukuta wake, na moto ulikuwa unaumulika wote, kona hadi kona. Tukakaa hivyo. Mtoto akarudia swali.