Kinanda kilichomnyamazisha bibi

Nimepotea karibu wiki mbili. Nilikuwa Itetemia, Tabora, kwa bibi mzaa baba. Ofisini niliaga kuwa nakwenda likizo. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuangalia uharibifu nilioufanya mwenyewe, na ninyi mnaonisoma ndio wa kwanza kuambiwa.

Kwa asiyeijua, Itetemia ni kata ya Manispaa ya Tabora, nje kidogo ya mji. Hapo ndipo palikuwa na ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, yule aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe. Wanyamwezi walibeba pembe kwenda pwani, wakarudi na vitambaa, shanga, bunduki na Kiswahili. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo mtu akikwambia watu wa huku wanaogopa mambo mapya, mcheke kidogo kisha mpe maji ya kunywa. Mambo mapya yamepita kwetu kwa miguu, yamebebwa mabegani mwetu.

Sasa kisa chenyewe. Miaka mitatu iliyopita, nikiwa nimetoka chuo na mshahara wa gazeti ndiyo kwanza umeanza kuingia, nilikwenda Krismasi kwa bibi. Jumapili nikamsindikiza kanisani. Dhehebu silitaji, maana yaliyotokea pale yanatokea kila dhehebu. Kanisa la matofali ya udongo, bati juu, mabenchi yasiyo na egemeo. Mchungaji ana mitaa mingi, anafika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote anaongoza mwinjilisti. Watu walikuwa kama sitini. Vijana nikawahesabu: wanne. Wengine, nikaambiwa, wanapanda bodaboda kwenda kwenye makanisa makubwa mjini, yenye magitaa, taa za rangi na mahubiri yanayorushwa kwenye simu.

Nikaumia. Na mimi nikiumia huwa naandika. Nikaandika andiko la kurasa tatu, limejaa yale maneno tunayookota kwenye warsha za hoteli za Dar: ushirikishwaji, mabadiliko, fursa. Nikachangisha rafiki zangu, nikaenda Kariakoo, nikanunua kinanda cha mtumba, spika mbili, paneli ya sola na betri. Nikawasaidia pia kupata lipa namba ili sadaka ipokelewe kwa simu. Kutuma pesa kwa simu kumekuwepo Tanzania tangu 2008, nikasema, kanisa linasubiri nini? Halafu kwetu hata ile misukosuko ya 2020 haikulazimisha mtu kubadilika. Kenya walifunga nyumba za ibada, wachungaji wakajifunza kuhubiri mtandaoni kwa lazima. Tanzania hazikufungwa, na kanisa dogo la Itetemia likaendelea kama jana.

Wazee wa kanisa walinisikiliza kimya hadi mwisho. Wenzangu mliolelewa na wazee mnajua kuwa kimya cha mzee hakina maana ya ndiyo. Mimi, mwandishi wa habari, mtu ninayelipwa kwa kuuliza maswali, sikuuliza hata moja. Nikapiga picha ya kinanda, nikapanda basi.

Niseme ukweli wote: kinanda kilifanya kazi. Vijana wanne wakawa kumi na tisa. Mweka hazina akafurahi, kwa sababu sadaka ya simu ina kumbukumbu, wakati zamani hela ya mnada ilihesabiwa chini ya mwembe bila hata daftari. Nilikuwa nawasimulia watu mezani kwa majivuno. Mpaka mwezi uliopita shangazi alipopiga simu kwa jambo lingine kabisa, na kabla ya kukata akasema, "Halafu bibi yako siku hizi haimbi."

Haimbi? Bibi yangu ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Hakuna aliyemteua. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikaa benchi la tatu upande wa wanawake, akivuta pumzi kila mtu anaisikia, anaanza chini, taratibu, wenzake wanapokea, sauti ya pili inaingia kutoka nyuma. Kama kuna msiba kijijini, wimbo uleule unakwenda polepole zaidi. Ni yeye anayejua.

Nilipofika alikuwa ukumbini anabangua karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko Dar wake zako hawapiki?"

Usiku, baada ya ugali na nsansa, nikamuuliza. Alicheka, akasema sauti imezeeka. Nikamuuliza tena. Akasema, "Kile kinanda chako kinaanzia juu. Sisi vikongwe hatufiki. Na kina mguu wa haraka, hakisubiri mtu." Basi. Hakulalamika zaidi ya hapo. Jumapili ya kwanza alijaribu, ya pili akaguna tu, ya tatu akanyamaza, na wanawake wa benchi lake wakanyamaza naye. Wengine wawili, wanaoishi kwa kulima vibarua, wameacha kabisa kuja. Kwa nini? Kwa sababu andiko langu lilisema mnada baada ya ibada unapoteza muda. Mnada huo ndio uliokuwa mlango wao. Mtu hana shilingi, lakini ana mayai sita au kisado cha karanga. Analeta, vinanadiwa, watu wanacheka na kupandishiana bei, na jina lake linatajwa. Sasa kikapu kinapita, simu hana, mayai hayaingii kwenye lipa namba.

Hapo ndipo nilipotaka kuomba msamaha na kukibeba kinanda nirudi nacho. Bibi akanishangaa. Akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Nyimbo ninazoziita "za zamani", za kitabu, zilikuja na wamisionari; nyingi ni tuni za Ulaya zilizovalishwa Kiswahili. Mama yake bibi aliambiwa ngoma na manyanga ni vya waganga na vilabu vya pombe, viachwe nje. Katika madhehebu makubwa hali ilianza kugeuka katikati ya karne iliyopita. Padre David Clement, Mkanada, alianzisha kituo cha Bujora karibu na Mwanza, kikiwa na kanisa la duara lililopambwa Kisukuma, na hadi leo sikukuu ya Bulabo inawakutanisha wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ukatambua rasmi muziki wa kila taifa katika ibada. Walutheri nao walikuwa na Howard Olson pale Makumira, aliyewahimiza wanafunzi wake kutunga tenzi kwa tuni za makabila yao. Hayo nilishayasoma. Nisilolijua ni kwamba kwenye kanisa letu la matofali ya udongo, kabla ya Operesheni Vijiji ya 1974, aliyeingiza ngoma ni bibi na wenzake wawili, na kwamba walitengwa miezi mitatu.

"Sasa mlishindaje?" nikauliza.

"Hatukushinda. Tulikwenda kwa vikongwe, mmoja mmoja, tukawapigia ngoma nyumbani kwao. Tukawauliza, hii ukiisikia kanisani utaona aibu? Mapigo ya kilabuni wakayakataa. Tukayaacha. Yaliyobaki ndiyo hayo."

Nimelitafakari jibu hilo kwenye basi saa zote. Andiko langu lilijua nani atafaidika na jambo jipya. Halikuwa na mstari hata mmoja kuhusu nani atapoteza, na hao ndio bibi alianza nao. Wanaosaidia makanisa madogo "kwenda na wakati", mimi nikiwemo, tunakuja na vifaa kwa sababu kifaa kinapigwa picha. Kwenda kwa vikongwe mmoja mmoja hakupigwi picha.

Alhamisi jioni mwalimu wa kwaya alikuja kwa bibi, kinanda amekifunga nyuma ya bodaboda kwa mpira. Ni kijana wa kidato cha nne aliyejifunza kupiga kwa kutazama video kwenye simu, anajua vitufe vyeupe tu, ndiyo maana kila wimbo lazima uanzie palepale. Tulikaa uani, bibi kwenye kigoda. Akaanza wimbo wake chini, kijana akatafuta, akakosa, akatafuta. Kisha tukabonyeza kila kitu, na tukagundua kuwa kinanda kina kitufe cha kushusha sauti yote wakati vidole vinabaki palepale kwenye vyeupe! Kilikuwepo muda wote. Tukashusha hatua nne. Biti ya kujiendesha tukaizima. Bibi akaimba ubeti mzima, akanyamaza, akamtazama kijana kama mtu anayemkagua mbuzi mnadani. "Tena," akasema.

Msidhani mambo yamenyooka. Vijana wawili wamesema ibada imekuwa ya kizee na wamerudi mjini. Mweka hazina hataki kusikia neno mnada, na ana hoja: daftari lake kwa mara ya kwanza linaeleweka. Wazee wamegawanyika. Mwinjilisti akaruhusu jaribio la Jumapili moja, kwamba mnada urudi ila anayeshinda alipe kwa lipa namba.

Wale akina mama wawili shangazi aliwafuata nyumbani. Mmoja alikuja, na jogoo kwapani. Bibi alianzisha wimbo, kinanda kikaingia kimechelewa, akasimama katikati ya neno, akamwambia kijana mbele ya kanisa zima, "Nisubiri, baba." Akaanza upya. Nje, chini ya mwembe, vijana wa bodaboda walipandishiana bei ya yule jogoo hadi shilingi elfu ishirini na mbili, jina la mama likatajwa kwa sauti, vigelegele. Mshindi akatoa simu, akabofya, akangoja. Mtandao ukagoma. Mweka hazina akasimama na daftari wazi, hataki noti. Naondoka kuwahi basi, jogoo alikuwa bado amefungwa miguu mlangoni mwa kanisa.