Majitaka Yetu Yanaishia Wapi?



Sisi wa Kanengo tuko mbali na ziwa, lakini uchafu wa mji wetu hufika huko. Sehemu ya majitaka ya Lilongwe hupelekwa mabwawa ya Kauma: tope huzama, bakteria hula uchafu, jua huua vijidudu. Bwawa likijaa tope, maji hutoka bado machafu, yakaingia Mto Lilongwe, kisha Linthipe, hadi Ziwa Malawi. Kipindupindu, ugonjwa wa maji machafu, kiliua zaidi ya watu 1,700 Malawi mwaka 2022 na 2023.

Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama. Tunawafundisha watoto udhu. Tuwafundishe pia kutotupa nepi na plastiki chooni. Anayeteka maji huko chini ni jirani yetu.