Pasikii unayo, lakini nenosiri bado lipo

Leo tuongee kidogo juu ya kuingia kwenye maduka ya mtandaoni, maana huko ndiko wengi wetu tumeacha namba za kadi za benki, anwani za nyumbani na orodha ya kila kitu tulichowahi kununua.

Oktoba 2023 Amazon ilitangaza kwamba wateja wake wanaweza kuingia kwa pasikii, na maduka mengine makubwa nayo yana huduma hiyo. Ukishaiweka, huandiki kitu. Unaweka kidole kwenye simu kama unavyoifungua kila siku, basi, umeingia. Watu wakionja raha hiyo husema mambo ya nenosiri yamekwisha. Wapi! Mara nyingi duka likikupa pasikii halifuti nenosiri lako la zamani. Lipo pale pale na bado linafungua akaunti. Ni kama kuweka mlango wa chuma mbele ya nyumba huku ule wa mbao zilizooza ukibaki nyuma. Mwizi gani atahangaika na chuma?

Kwanza tuelewane pasikii ni nini. Nenosiri ni siri ambayo lazima uitoe kila unapoingia, kwa hiyo yeyote atakayekudanganya umwandikie amepata kila kitu. Pasikii ni jozi ya funguo za kihesabu. Mmoja unabaki kwako, kwenye simu au kwenye hifadhi ya manenosiri ya Google au Apple, na wa pili anapewa mwenye duka. Ukitaka kuingia, duka linatuma fumbo jipya, simu yako inalitia sahihi kwa ufunguo wake, nalo duka linakagua sahihi hiyo kwa ufunguo lilio nao. Ufunguo wako haupelekwi dukani, na alama ya kidole chako haiondoki kwenye simu. Wezi wakivunja tarakilishi za duka, watakuta funguo za kukagulia sahihi tu, ambazo hazifungui chochote.

Tena pasikii imefungwa kwenye anwani ya tovuti. Jina la tovuti likibadilika hata herufi moja, simu haina pasikii ya kutoa. Jicho la binadamu hudanganyika, hasa saa tano usiku. Programu inalinganisha herufi kwa herufi, haichoki.

Mama yangu ni fundi cherehani, na baadhi ya vipuri vyake huviagiza ng'ambo. Akaunti yake ya dukani ilifunguliwa zamani kule saiba, na nenosiri lake lilijulikana na nusu ya ukoo. Mwaka jana nikamwekea pasikii, akafurahi sana kuachana na kuandika. Baada ya muda akapata ujumbe kwamba mzigo wake umekwama, abonyeze hapa athibitishe. Akabonyeza. Ukurasa ulikuwa na rangi na nembo za duka lenyewe, ila simu haikumwomba kidole. Ulimwomba nenosiri. Akanipigia: "Hii simu leo mbona haitaki kidole changu?"

Nikamwambia, "Mama, usiandike kitu. Funga huo ukurasa."

Kadi iliyohifadhiwa kwenye akaunti ile ndiyo ya pesa za vitambaa vya sare za shule. Zikienda hizo, muhula mzima wa kazi umekwenda. Pasikii ilikataa kudanganyika, lakini kilichomwokoa hasa ni kuuliza kwa nini imekataa. Angeona ni usumbufu wa simu tu na kuandika lile nenosiri la zamani, pasikii isingemsaidia lolote.

Mimi huandika programu, na ninaelewa kwa nini wenye maduka hawafuti nenosiri. Simu hupotea, huibwa matatuni, huanguka kwenye karai la maji. Mteja aliyefungiwa nje leo, kesho ananunua kwingine. Kwa hiyo njia mbili zitaendelea kuwepo kwa muda, na ni juu yetu kuimarisha ile dhaifu.

Ninachowashauri ni hiki. Siku unayoweka pasikii, siku hiyo hiyo badilisha na nenosiri. Liwe refu, la kubahatisha, lililotungwa na programu ya kuhifadhi manenosiri, na lisitumike kwingine kokote. Usilikariri. Nenosiri usilolijua huwezi kumtajia tapeli kwenye simu. La mama tumeliandika kwenye karatasi, likakaa pamoja na hati za shamba. Kisha toa vifaa vyote vya zamani vilivyobaki ndani ya akaunti.

Halafu nenda kwenye barua pepe yako. Ukibonyeza "nimesahau nenosiri", kiungo cha kuweka jipya huenda huko, kwa hiyo anayeshika barua pepe yako anaweza kulishika na duka. Iwekee pasikii pia, au angalau uthibitisho wa hatua mbili.

Usisahau simu yenyewe. Kidole kikikataa, namba ya kufungulia simu inatosha kutumia pasikii. Kama namba hiyo ni mwaka wako wa kuzaliwa, au ndiyo hiyo hiyo PIN yako ya M-Pesa, watoto wa nyumbani wote tayari wana funguo zako.

Mwisho, shika kanuni moja: siku pasikii isipojitokeza pale ulipozoea kuiona, usikimbilie nenosiri. Simama. Funga ukurasa, andika anwani ya duka kwa mkono wako au fungua programu yake, uangalie huko kama kweli kuna mzigo uliokwama. Na kama unatumia tarakilishi ya mtu mwingine, mara nyingi utaonyeshwa msimbo wa QR uusome kwa simu yako, nenosiri lisiguswe.

Ukiwa na nusu saa jioni ya leo, anza na akaunti ile yenye kadi ya benki ndani yake. Nyingine zinaweza kungoja Jumamosi.