Okidi za Jericho

Msafiri atokaye Mombasa akifika Eastlands, jijini Nairobi, hukutana na Barabara ya Rabai, akafurahi kuona jina la kwetu ugenini. Karibu nayo upo mtaa wa Jericho, jirani wa Jerusalem: nyumba ndogo za kupanga zilizojengwa na baraza la jiji, safu kwa safu. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na kila mlango una madumu yake.

Katika mtaa huo binti wa ndugu yangu ana makopo saba ya okidi chini ya dirisha. "Ami," aliniambia, "lita moja yazitosha zote kwa wiki."

Okidi nyingi za nchi za joto hazioti udongoni. Hushika magome ya miti, zikanywa mvua na umande, na mizizi yake hupigwa na upepo. Wala haziunyonyi mti. Ukizifukia udongoni na kuzimwagia maji kila siku, mizizi hukosa hewa ikaoza. Wengi huziua kwa huruma.

Yeye hutumia kopo la plastiki linaloonyesha ndani. Hulitoboa matundu mawili ubavuni, kama sentimita 3 kutoka chini, wala halitoboi kitako. Hulijaza mawe mepesi ya volkano yenye vinyweleo, yaliyooshwa vyema, kisha hutia maji hadi yatoke matunduni. Yanayobaki chini ni akiba: mawe huyavuta juu kidogo kidogo, na baina ya mawe hupita hewa. Mbolea huyeyushwa hafifu, na kila mwezi mawe husuuzwa kwa maji matupu ili chumvi isijikusanye. Mmea huhamishwa unapoanza kutoa mizizi mipya, kwani ile ya zamani mara nyingi hufa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Baridi ya Julai ikiingia, makopo huingizwa ndani.

Kwetu pwani, dada zangu, baridi haitusumbui. Tujihadhari na maji ya visima yenye chumvi. Ya mvua ni bora.

Lililo zito zaidi ni mmea utokako. Okidi ya Ansellia africana, ya manjano yenye madoa kama ya chui, huota juu ya miti ya misitu yetu, na wang'oaji huipunguza. Biashara ya kimataifa ya okidi zote hudhibitiwa na mkataba wa CITES. Mchuuzi akibisha hodi na shada, muulizeni limetoka wapi. Asipokuwa na jibu, msilinunue, hata likiwa rahisi.

Zile saba za Jericho zimetokana na shada moja la dendrobiamu alilopewa na jirani, akaligawa kwa miaka kadhaa. Mwenye shada lililojaa na aligawe vivyo hivyo, kila fungu libaki na mashina matatu au zaidi, ampe wa mlango wa pili.